Ishirini na Moja: Mchezo wa Vibanda Viwili

Wiki hii tunautazama mchezo wa televisheni ulioishi miaka miwili tu nchini Marekani. Uliitwa Twenty-One, yaani Ishirini na Moja. Kituo cha NBC kilianza kuuonyesha Septemba 1956, na kufikia Oktoba 1958 ulikuwa umekwisha kuondolewa.

Namna ya kuucheza ilikuwa hivi. Washiriki wawili walifungiwa, kila mmoja katika kibanda chake kisichopitisha sauti, wala hakuna aliyejua mwenzake amepata alama ngapi. Mwendeshaji, Jack Barry, alitaja fani ya swali, na mshiriki akachagua uzito wake kuanzia alama 1 hadi 11. Kadiri alama zilivyopanda ndivyo swali lilivyokuwa gumu. Aliyejibu sawasawa aliongezewa alama hizo, aliyekosea alipunguziwa. Shabaha ilikuwa kufika 21. Baada ya duru mbili, yeyote kati yao aliweza kuusimamisha mchezo akiamini kwamba yuko mbele. Mshindi alilipwa dola 500 kwa kila alama aliyomzidi mwenzake. Wakitoka sare, walicheza upya, na thamani ya kila alama ikaongezwa dola 500 nyingine. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya mchezo: sare ilipandisha fedha, na fedha iliwarudisha watazamaji wiki iliyofuata.

Ikumbukwe kwamba kipindi cha kwanza kilichezwa kwa haki, nacho kilikuwa aibu tupu. Washiriki walikosea swali baada ya swali. Mdhamini, aliyekuwa akiuza dawa ya kuongeza nguvu iitwayo Geritol, alikasirika sana, na mtayarishaji Dan Enright akaazimia kwamba jambo hilo lisitokee tena.

Ndipo Enright alipomwendea nyumbani kwake Herbert Stempel, kijana wa Queens, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa bado masomoni. Alimpa maswali na majibu. Alimchagulia pia suti kuukuu isiyomkaa vizuri, akamtaka anyolewe kama askari, na akamfundisha namna ya kusita, kuuma midomo, na kulipangusa jasho polepole kwa kitambaa. Hewa ya kupoza kibanda ilizimwa ili jasho lenyewe lisikosekane. Taifa zima likaona mtu maskini anayefikiri kwa bidii.

Watazamaji walipoanza kumzoea, akatafutwa wa kumpokea: Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia na mwana wa mshairi mashuhuri, Mark Van Doren. Tarehe 5 Desemba 1956 Stempel aliamriwa ashindwe. Aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa ameiona mara tatu. Akajibu On the Waterfront.

Wengi wanaosimulia kisa hiki hukaa zaidi kwa Van Doren, aliyeshinda dola 129,000 na kupamba jalada la jarida la Time. Sisi twaona kwamba uchungu wa kisa uko kwa yule mwingine. Kumpa mtu jibu asilolijua ni udanganyifu wa kawaida. Kumwamuru mtu anayejua asimame mbele ya mamilioni ya watu na kusema kwamba hajui, hilo ni jambo jingine.

Stempel alipolalamika hadharani, aliitwa mwenye wivu. Lakini mshiriki mwingine, James Snodgrass, alikuwa amejipelekea kwa posta ya rejista barua zenye maswali na majibu kabla ya kipindi kurushwa, na bahasha zilikuwa bado zimefungwa kwa muhuri. Jopo la raia liliitwa mjini New York kuchunguza. Kwa makadirio ya mwendesha mashtaka Joseph Stone, kati ya mashahidi 150 hivi, kama 100 walisema uongo chini ya kiapo. Na hao walikuwa watu wazima, wengi wao wasomi! Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani.

Ajabu ni kwamba wakati huo hapakuwa na sheria iliyokataza kupanga matokeo ya mchezo kama huo. Ilitungwa mwaka 1960. Waliopatikana na hatia, Van Doren akiwa mmoja wao, walihukumiwa kwa uongo waliousema kiaponi, na vifungo vyao vikaahirishwa.

Van Doren aliiacha kazi ya Columbia, akanyamaza karibu nusu karne, hadi alipoandika habari zake katika The New Yorker mwaka 2008. Alifariki mwaka 2019. Stempel, aliyekuja kuajiriwa na idara ya usafiri ya jiji la New York, alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 93.