Uzuri wa Mkakasi

Msomaji, huenda asubuhi hii, kabla ya kushika vitabu vyako, ulitia kidole katika kikopo ukajipaka mafuta usoni na mikononi. Ni jambo dogo, nawe umelitenda tangu utoto bila ya kulifikiri. Lakini nikikuuliza, "Umejipaka nini?" utanitajia jina la kikopo, wala hutanitajia kilichomo. Swali hili ni la zamani kuliko madola mengi unayosoma katika vitabu vya historia. Watu wengi waliolipuuza walilipa kwa afya zao, na wengine kwa roho zao. Na baadhi yao walikuwa wakazi wa mji wetu wa Nairobi.

Tuanze nyumbani. Wazee wetu hawakuwa na vikopo vya dukani, lakini hawakuacha ngozi zao zipauke. Pwani, kutoka Lamu hata Unguja, wanawake walisugua mti wa liwa juu ya jiwe kwa maji au kwa marashi, wakapata uji mzito wenye harufu nzuri. Bibi harusi alisingwa kwa singo, ambayo ndani yake mlitiwa maua kama mawaridi na asumini, pamoja na karafuu na manukato mengine. Mafuta ya nazi yalipatikana kwa kukuna nazi, kukamua tui na kulichemsha hata maji yakaisha. Bara, Wakikuyu walikamua mafuta ya mbarika; Wamasai na Wasamburu walichanganya shahamu na udongo mwekundu. Udongo huo, kwa lugha ya kemia, una rangi yake kutokana na chuma kilichopata kutu. Na hata leo viwanda vikubwa hutumia kutu ya namna hiyo hiyo, iliyosafishwa, kutia rangi katika poda na rangi za midomo.

Angalia jambo moja katika desturi hizi. Aliyetengeneza na aliyejipaka walikuwa mtu mmoja, au walikuwa watu wa nyumba moja. Msichana alimwona bibi yake akikuna nazi. Alijua kilichoingia chunguni, na mafuta yakichacha pua ilimwambia. Lishike jambo hili, maana tutalirudia.

Lakini usidhani kuwa kila kitengenezwacho nyumbani ni salama. Katika nchi ya Misri, yapata miaka 1550 kabla ya kuzaliwa Kristo, mwandishi mmoja aliandika juu ya karatasi ya mafunjo mamia ya maagizo ya dawa. Hati hiyo huitwa kwa jina la Georg Ebers, mtaalamu wa Ujerumani aliyeinunua huko Misri katika majira ya baridi ya 1872 na 1873, nayo imehifadhiwa katika mji wa Leipzig. Miongoni mwa maagizo yake limo moja la kuitengeneza ngozi iwe nzuri: unga wa jiwe la alabasta, magadi, chumvi na asali. Magadi hayo ni ndugu wa yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi hapa Kenya. Mchanganyiko kama huo ulikwangua taka na kulainisha ngozi. Lakini Wamisri hao hao walijipaka machoni wanja mweusi, ambao aghalabu ulisagwa kutokana na mawe yenye risasi. Mikono ile ile yenye ujuzi ilitengeneza cha kufaa na cha hatari, wala jicho halikuweza kuvitofautisha.

Karne nyingi baadaye, katika dola ya Rumi, alikuwako tabibu mashuhuri aitwaye Galen, mzaliwa wa Pergamon, mji ambao sasa umo katika nchi ya Uturuki. Alizaliwa yapata mwaka 129. Yeye huhesabiwa kuwa baba wa krimu tunayoijua. Nta ya nyuki iliyeyushwa pamoja na mafuta ya zeituni, nta sehemu moja kwa mafuta sehemu tatu au nne. Kisha maji, au maji ya waridi, yalitiwa kidogo kidogo huku mchanganyiko ukikorogwa bila ya kupumzika. Ulipokuwa baridi, ulikuwa mweupe na laini. Ukipakwa juu ya ngozi, maji yake huenda na hewa, na yakienda huchukua joto. Ndiyo sababu ngozi huona ubaridi wa kupendeza. Nta na mafuta hubaki juu, yakazuia unyevu wa ngozi usitoroke.

Krimu ya Galen ilikuwa njema, lakini ilikuwa na kasoro mbili, nazo zatufundisha mengi. Ya kwanza, mafuta na maji si marafiki. Wakikutanishwa kwa nguvu hutafuta njia ya kuachana. Ya pili, mafuta ya mimea huchacha, na mahali penye maji ukungu na vijidudu hupata makao. Kwa hiyo krimu hiyo ilitengenezwa kidogo na kutumiwa upesi. Kasoro ya kwanza ilipunguzwa katika karne ya 19 kwa kutia boraksi, ambayo huungana na asidi iliyomo katika nta ikafanya namna ya sabuni; sabuni hiyo huyashika maji kwa mkono mmoja na mafuta kwa mkono wa pili. Kasoro ya pili ndiyo iliyozaa vile vitu viitwavyo vihifadhi, ambavyo leo watu wengi huviogopa kwa majina yake magumu. Hofu hiyo yataka kipimo: krimu yenye maji isiyokuwa na kihifadhi chochote inaweza kuleta ugonjwa kuliko ile yenye jina gumu.

Sasa tuione njia nyingine, iliyokuwa ya maangamizi. Yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Mgiriki Theophrastus alieleza katika kitabu chake cha mawe namna ya kutengeneza risasi nyeupe. Vipande vya risasi viliwekwa ndani ya chombo juu ya siki kali. Baada ya siku kadhaa vilifanya utando mweupe, nao ulikwanguliwa, ukasagwa na kusafishwa. Unga huo ulikuwa mweupe kama maziwa, ukashika usoni vizuri mno. Wanawake wa Uyunani na wa Rumi waliupenda, na matajiri wa Ulaya wakaurithi. Huko Uingereza, Maria Gunning, mke wa Lodi wa Coventry, alisifiwa kwa uzuri wake katika nchi nzima. Alijipaka rangi nyeupe ya risasi. Risasi ikaharibu ngozi, naye akazidi kujipaka ili kuficha kilichoharibiwa. Alifariki mwaka 1760, hali angali kijana, na kifo chake kilisemwa kuwa kilitokana na rangi hiyo. Huo ndio uzuri wa mkakasi: nje wapendeza, ndani kipande cha mti.

Watengenezaji wa unga ule walikijua sana kilichoingia chomboni: risasi na siki, basi. Wasichokijua, au wasichotaka kukijua, ni kazi yake ndani ya mwili. Kwa hiyo kujua jina la kitu ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kujua tendo lake.

Nusu hiyo ya pili ilianza kupatikana kwa wingi katika karne ya 19. Mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi mafuta yalivyoumbwa, na jinsi yanavyogeuka kuwa sabuni. Huko Marekani kijana Robert Chesebrough alikwenda katika visima vya mafuta vya Pennsylvania, vilivyoanza kuchimbwa mwaka 1859. Aliwaona vibarua wakilaani uchafu mweusi kama nta uliokwama katika mitambo. Lakini mtu akiungua au akijikata, alijipaka uchafu huo huo. Chesebrough aliuchukua, akausafisha hata ukawa mweupe usio na harufu, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, akauita Vaseline. Mafuta hayo hayachachi. Watu husema kuwa huilisha ngozi, sivyo. Hayaingizi chakula chochote. Kazi yake ni kufunga mlango tu, ili maji yaliyomo ngozini yasitoke. Mwenye kulijua hili hujipaka mara atokapo kuoga, ngozi ingali na unyevu, akapata faida maradufu kwa kikopo kile kile.

Lakini kiwanda kilileta jambo jipya. Mtengenezaji sasa alikaa mbali, na mnunuzi hakumwona akikoroga. Katika miaka ya 1930, huko Marekani, rangi ya kope iliwadhuru wanawake kadhaa, na wapo waliopofuka. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1906, iliyohusu vyakula na dawa, haikuvigusa vipodozi. Sheria mpya ilitungwa mwaka 1938 ikavitia vipodozi chini ya ulinzi, na kuanzia mwaka 1977 watengenezaji wa huko walitakiwa waandike juu ya kikopo vitu vilivyomo, vilivyo vingi vikitangulia. Kwa njia hiyo mlango wa jiko la bibi, uliokuwa umefungwa, ulifunguliwa tena kidogo.

Basi turudi Nairobi. Matabibu wa mji huu walishangaa kuona watu wazima wengi wenye ugonjwa wa figo, miili yao imevimba, na protini ya damu ikipotea katika mkojo. Walitafuta chanzo, na mwaka 1972 wakatangaza matokeo katika jarida la matabibu wa Uingereza. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliowachunguza walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha ngozi, nazo zilikuwa na chumvi ya zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Kisha hupenya, hufuata damu, na hujikusanya katika figo. Baadhi ya wagonjwa walipoacha krimu hizo walipata nafuu. Hawakuwa wameumwa na nyoka wala kunywa sumu. Walikuwa wamenunua, kwa fedha zao, kikopo kilichowaambia kuwa rangi waliyopewa na Mungu ni aibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kibaya hiki kilijitembeza kwa picha nzuri.

Mwaka 1998 vipodozi vyenye zebaki, pamoja na vyenye haidrokwinoni, vilipigwa marufuku nchini Kenya. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini iliwaua na kuwalemaza watu waliokula samaki. Na vipodozi vya zebaki vimo katika makatazo yake. Hata hivyo vikopo vya namna hiyo havijakoma kupenya masokoni. Sheria ni ukuta, lakini ukuta hauwi badala ya macho.

Je, macho yako yaone nini? Ukishika kikopo, kigeuze usome maandishi madogo kabla ya makubwa. Jina la kwanza katika orodha ndilo la kitu kilicho kingi. Ukiona aqua, ujue kuwa fedha yako nyingi imenunua maji. Ukiona mercury au calomel, hiyo ni zebaki, kiweke chini. Kikopo kisicho na orodha kabisa ni kama mtu aliyekataa kutaja jina lake mlangoni: usimfungulie. Na ukipenda kujitengenezea mwenyewe, tengeneza kwa elimu. Mafuta na nta bila ya maji hudumu; palipotiwa maji, tengeneza kidogo na usikiweke muda mrefu. Jaribu kwanza mahali padogo mkononi, ungoje siku moja. Wala usijipake maji ya ndimu ukatoka juani, kwa maana tunda ni la asili lakini majeraha yake ni ya moto.

Msomaji, bibi aliyekuna nazi hakujua kusoma orodha, lakini alijua kilichomo chunguni mwake. Wewe wajua kusoma. Itakuwa ajabu, na tena hasara, ikiwa wewe mwenye elimu utajua kidogo kuliko yeye. Kesho asubuhi, utakapotia kidole katika kikopo, nitakuwa mbali nisikuulize swali langu. Jiulize mwenyewe.