Kuhifadhi chakula ndani ya lori la safari ndefu

Lori ninaloendesha ndilo nyumba yangu kwa siku nyingi za mwezi. Nalala nyuma ya kiti cha dereva na chakula nakibeba kutoka Mombasa. Hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900, lakini kinachochelewesha zaidi ni kusimama: mizani Mariakani, mizani Athi River, mizani Gilgil, kisha foleni ya mpakani. Anayekula hotelini kila mlo humaliza posho kabla ya kufika Eldoret. Anayebeba chakula bila kujua kukihifadhi anaweza kuimalizia safari hospitalini.

Mimi yalinifika. Nilinunua jodari mbichi asubuhi, nikamtia ndooni bila barafu, nikampika jioni Voi. Hakuwa na harufu mbaya. Nusu saa baada ya kula uso uliniwaka, moyo ukanienda mbio, kichwa na tumbo vikaniuma. Daktari alinieleza kwamba jodari, nguru na samaki wa jamii yao wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama sumu iitwayo histamini. Moto hauiondoi. Ukikaanga au ukichemsha mara mbili, sumu iko pale pale.

Tangu siku hiyo siamini pua. Naamini kipimajoto.

Joto linalodhuru

Vijidudu huzaana kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Kanuni ni kwamba kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na hewa ikipita nyuzi 32, kisizidi saa moja. Kabini iliyofungwa juani hupita nyuzi 50. Kwa hivyo wali ulioachwa kwenye sufuria Mariakani tangu alfajiri si wa kuliwa Mtito Andei mchana.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakusema hivyo juu ya mchuzi wa nazi. Mbaazi, samaki wa kupaka na chochote chenye tui huchacha upesi kuliko vyakula vingi. Hivyo ni vya kula siku ya kwanza.

Barafu

Barafu ina nguvu kwa sababu huchukua joto jingi ili iyeyuke. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Maji ya baridi peke yake hayana uwezo huo.

Mimi hugandisha maji ya kunywa katika chupa za lita 2, nikiacha nafasi juu maana maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9. Bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na chupa haimwagi maji juu ya chakula. Ikishayeyuka, nakunywa. Kasha langu la lita 50 lenye kuta nene, likibeba chupa sita, hunipa siku mbili za usalama. Ya tatu siihesabu.

Chakula kiingie kikiwa tayari kimepoa frijini nyumbani. Ukitia sufuria ya moto, barafu yote itaishia kuipoza. Jaza kasha, kwa sababu nafasi tupu hujaa hewa ya joto kila unapofungua. Liweke mbali na injini na jua, ulifunike blanketi. Soda za utingo ziwe kwenye kasha jingine, maana linalofunguliwa kila saa ndilo linaloisha kwanza.

Samaki mbichi ana hesabu yake: kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, apasuliwe na kusafishwa, apangwe kwa tabaka, na maji yanayotoka yamwagwe. Barafu ya kupozea samaki usiitie kwenye kinywaji.

Friji ya betri

Hapa madereva wengi wanapoteza pesa. Ziko aina mbili. Ile ya bei nafuu haina kompresa. Hupunguza takriban nyuzi 20 tu chini ya joto lililo nje yake. Kabini ikiwa na nyuzi 34, ndani ya friji ni 14. Soda itakuwa ya baridi, lakini nyama itaoza.

Tena hula umeme bila kupumzika. Ikitumia wati 50 mchana na usiku, hiyo ni uniti 1.2 kwa siku. Betri mbili za lori zenye ampea 150, zikiungwa kwa volti 24, hubeba uniti kama 3.6 zikiwa mpya, na betri ya kuwashia gari isimalizwe hata nusu. Siku moja na nusu ya foleni, injini ikiwa imezimwa, yatosha kukuacha hapo ukiomba kusukumwa.

Friji ya kompresa ni ghali zaidi, lakini hufika nyuzi 4, na hata kugandisha, kisha hupumzika. Ukinunua, chagua yenye kifaa kinachoikata betri ikishuka, au iwekee betri yake peke yake.

Mtungi na gunia la maji

Maji yanayokauka huchukua joto, ndiyo maana mtungi hupoza. Lakini hufanya kazi vizuri penye hewa kavu. Mombasa hewa imejaa unyevu, kwa hivyo gunia lililolowa halisaidii sana. Voi na Mtito Andei utaona tofauti. Hata hivyo njia hii ni ya maji, nyanya na mboga, si ya nyama wala maziwa.

Na baridi ya Timboroa isikudanganye. Barabara iko zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari na mikono hufa ganzi, lakini hewa ya nyuzi 10 bado si friji.

Visivyohitaji baridi

Wazee wetu wa majahazi walisafiri wiki nyingi bila friji. Ng'onda, papa mkavu, maharagwe makavu, unga, viazi, vitunguu na achari ya ndimu vyote husafiri salama. Maziwa ya paketi ya muda mrefu pia, ila ukishayafungua ni sawa na maziwa mabichi.

Mpango wangu ni huu: siku ya kwanza nakula vya nazi na samaki, ya pili nyama iliyokuwa imegandishwa, kuanzia ya tatu vikavu. Kipimajoto kidogo hukaa ndani ya kasha. Kikisoma zaidi ya nyuzi 5 nami sijui ni tangu saa ngapi, nyama naimwaga, hata ikinukia vizuri. Inauma kumwaga kilo ya nyama, lakini nimeshauguza tumbo barabarani, peke yangu, mzigo wa watu ukiwa nyuma yangu, na sitaki kurudia.