Bedlam
Bedlam ni neno la Kiingereza lenye maana ya zogo na vurumai. Asili yake ni Bethlehemu: mwaka 1247 nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu ilianzishwa London, ikaja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na wenyeji wakalifupisha jina kwa matamshi yao. Yaweza kudaiwa kwamba neno linaeleza tu kelele za wagonjwa. Dai hilo halitoshi. Hadi mwaka 1770 umma uliingia kwa wingi kuwatazama wagonjwa, wengine wakiwa minyororoni, na wageni waliwachokoza. Zogo lilikuwa pia la watazamaji. Lugha imehifadhi alichosikia mgeni, ikasahau, kwa dhuluma, mateso ya mgonjwa. Hospitali yenyewe ingali inatibu watu kusini mwa London.