Mwenye Duka na Mwenye Tezo

Mji wa Mikindani umekaa kando ya ghuba iliyokingwa vema na nchi kavu, mwendo mfupi kutoka Mtwara. Msafiri afikapo huonyeshwa Boma lililojengwa na Wadachi mwaka 1895, na huambiwa ya kuwa Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwaka 1866 ya kuelekea mto Ruvuma. Habari isiyosimuliwa sana ni ile ya Wamakonde waliouvuka mto huo wakitoka nyanda za juu za Mueda, katika Msumbiji. Huko Wareno waliwatoza kodi na kuwashurutisha kazi. Upande wa Tanganyika palikuwa na mashamba ya mkonge, tangu Mikindani na Lindi hata kaskazini, nayo yalilipa mshahara. Basi wakavuka, na ufundi wao wa kuchonga ukavuka pamoja nao.

Ufundi huo haukufanana na ule walioukuta pwani. Fundi wa milango ya Mikindani alitia nakshi za majani na maua, wala hakutaka kuchonga kiumbe chenye roho. Mmakonde alichonga mapiko, sura za kuvaliwa kichwani katika ngoma za jando, kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza nazo, tena zilifichwa wanawake na watoto wasizione. Mpingo, mti mzito wenye moyo mweusi, ulikuja kutawala kazi hiyo kwa kuwa wageni waliupenda. Ili kuwapata wageni hao, wachongaji wengi walikwenda Dar es Salaam.

Huko, katika miaka ya 1950, alikuwako Mohamed Peera, Mhindi mwenye duka la vinyago. Maduka yalikuwa yamejaa wazee wenye bakora na wanawake wenye mitungi, kazi safi lakini zilizofanana kama tofali. Peera alikuwa na jicho jingine: aliwatia moyo wachongaji watoe yaliyomo katika fikira zao wenyewe. Miongoni mwao alikuwa Samaki Likankoa. Yasimuliwa, na masimulizi yenyewe yana namna zaidi ya moja, ya kuwa sanamu yake moja ilivunjika mkono. Mwingine angaliitia motoni. Samaki alipalainisha palipovunjika, akaona katika kilema kile umbo lisilo la mwanadamu, akampelekea Peera. Naye akaipokea, akataka nyingine. Ndivyo ilivyoanza mitindo ya shetani, kwa jina la Kiswahili cha pwani.

Je, sifa ni ya nani? Wako waandishi wa kigeni wanaosimulia kana kwamba mwenye duka ndiye aliyeizaa sanaa hii, na wako waliosema ya kuwa, kwa kuwa ilizaliwa dukani, si ya Kimakonde hata kidogo. Kauli zote mbili zinamsahau yule aliyeshika tezo. Peera aliweza kuchagua katika yaliyoletwa mbele yake. Kuliona umbo ndani ya gogo hakuweza. Hata hivyo ni haki kukiri ya kuwa mchongaji aliyeacha shamba la mkonge hawezi kula mashetani, na mnunuzi mwenye kuthubutu alikuwa adimu.

Jambo zito zaidi ni majina. Maelfu ya vinyago yalipanda meli bila jina la aliyevichonga, na katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani vingali vikiitwa "Makonde" tu, kama kwamba kabila zima lilishika patasi moja. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa upande wa kusini wa Tanganyika mwaka 1934, aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, kwanza kama mlinzi. Baadaye aliwachora mashetani wale wale kwa rangi kali, wakicheka na kuchezeshana, na chini ya picha akaandika jina lake. Alifariki mwaka 2005.