Mwalimu wa Kiingereza Issenye Baada ya Azimio la Musoma

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, na Kiingereza kikabaki somo. Kwa mwalimu wa Issenye, katika Wilaya ya Serengeti ya sasa, badiliko hilo lilikuwa na uzito wake: mtoto alitoka nyumbani na Kiisenye, akajifunza Kiswahili shuleni, kisha Kiingereza kikamjia kama lugha ya tatu.

Novemba 1974 Azimio la Musoma, lililopitishwa katika makao makuu ya mkoa huohuo wa Mara, liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote. Ili kupata walimu, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu vijijini huku tayari wakishika chaki. Walikabidhiwa na Kiingereza, lugha ambayo wao wenyewe waliisoma kama somo tu; wakakua kitaaluma mbele ya wanafunzi wao. Kuwahukumu kwa makosa ya sarufi peke yake, kama ilivyozoeleka, ni kusahau jinsi walivyoandaliwa.

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari pia, serikali haikukubali. Utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia. Hivyo mwalimu wa msingi alibeba heshima na lawama kwa pamoja, kwani kidato cha kwanza kiliendelea kufundishwa kwa lugha ambayo mtoto wa Issenye aliipata kwake.