Moyo Wangu Si Mtihani wa Uzalendo

Mimi ni Mhindi wa Nairobi, kizazi cha nne. Nikitoka na Mhindi mwenzangu, mtaani naambiwa, "Nyinyi wasichana wa Kihindi mnajitenga sana." Nikitoka na Mjaluo, nyumbani naulizwa, "Watu watasema nini?" Kaka yangu haulizwi lolote. Na hii si drama ya kwetu pekee. Ina historia, tena ndefu.

Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa. Karibu wote walikuwa wanaume. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na wafanyabiashara wakaendelea kuja. Baadhi yao walizaa na wanawake Waafrika. Watoto wakaitwa chotara, na mara nyingi wakaachwa nje ya hadithi za familia. Kwa hivyo mtu asiniambie ati kuchanganya damu kumeanzishwa na sisi mabinti wa TikTok. Wazee walitangulia, ila wao hawakuitwa aibu.

Baadaye wake na mabinti wakaja. Serikali ya kikoloni nayo ikaigawa Nairobi kwa rangi: shule mbali, hospitali mbali, mitaa mbali. Sisi tukawa watu wa Ngara na Parklands. Mpaka wa mkoloni tukauingiza ndani ya nyumba, tukauita utamaduni. Na nani akapewa kazi ya kuulinda? Binti.

Uhuru ulipokuja, wanasiasa nao wakamwendea binti huyo huyo. Zanzibar, Septemba 1970, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Utawala wa Karume ulidai unamaliza ubaguzi. Uganda, Desemba 1971, Idi Amin aliwaita viongozi wa Wahindi, na kati ya malalamiko yake lilikuwemo hili: mabinti wenu hawaolewi na Waafrika. Agosti 1972 akawapa siku 90 wahame.

Sikatai, ubaguzi kwetu ulikuwepo na bado upo. Lakini ukitaka kuumaliza, anza na mshahara wa mfanyakazi, anza na vile anavyoongeleshwa dukani. Mbona uanze na ndoa yangu? Baba mkali na rais dikteta wanaweza kupingana kwa kila kitu, lakini hapa wanakubaliana: wote wanaona mwili wa binti ni mali ya jamii.

Julai 2017 serikali ilitutambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Nilifurahi sana. Lakini si mnajua mambo ya kabila? Mkikuyu na Mjaluo wakipendana, bado kuna shangazi atakunja uso. Basi hata hiyo tumerithi, sasa sisi ni Wakenya kamili.

Dada, uwe Mhindi wa Ngara au Msomali wa Eastleigh, mpende mtu kwa sababu anakuheshimu na mnacheka pamoja. Usimpende ili uthibitishe Ukenya wako, wala usimwache ili ulinde jina la ukoo. Na wewe kaka ambaye hujawahi kuulizwa kitu, siku dada yako akiwekwa kikao sebuleni, usijifanye uko bize na simu. Ongea.