Nguvu za Wanawake wa Raga

Zama za Malkia Victoria, matabibu wenye sifa kubwa katika Uingereza na Marekani walikuwa wakiwafunza wazazi ya kuwa mwili wa mwanamke umejaaliwa akiba maalumu ya nguvu, na kwamba akiba hiyo, ikitumiwa katika masomo mazito au michezo ya kishindo, hairejei tena, na hasara yake hudhihirika katika uzazi. Kauli hiyo haikuwa na ushahidi wa kutegemewa. Ilidumu, kwa maoni yangu, kwa kuwa iliafikiana na yale ambayo wanaume wa wakati ule walikwisha kuyapenda.

Binti mmoja wa Enniskillen, Ireland, jina lake Emily Valentine, hakuingojea rukhsa ya matabibu. Yeye mwenyewe amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyoingia kucheza raga pamoja na kaka zake, karibu na mwaka 1887, timu ya shule ilipopungukiwa mtu, akaushika mpira na kwenda kufunga. Baada ya miaka 30, wanaume wakiwa vitani, wanawake wa Cardiff na wa Newport, huko Wales, walikutana katika uwanja wa Cardiff Arms Park, mwezi wa Desemba 1917, na Newport wakashinda 6 kwa 0. Nguvu walizokuwa nazo hawakuzipata kwa mkufunzi, maana wa Cardiff walikuwa vibarua wa kiwanda cha pombe.

Ajabu ya historia hii ndiyo hiyo: wanawake walitangulia uwanjani, na vyuma vya mazoezi vikawafuata baada ya muda mrefu. Katika miaka ya 1940, Abbye Stockton, aliyekuwa akinyanyua vyuma hadharani katika ufuo wa Santa Monica, California, aliandika makala katika jarida kuwahimiza wanawake wenzake wafanye vivyo hivyo. Walakini wengi walimtazama kama kioja. Hata mwaka 1969, Chuo Kikuu cha Nebraska kilipomwajiri Boyd Epley awajenge wachezaji nguvu, wachezaji waliokusudiwa walikuwa wanaume. Mlango ulifunguliwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1972, iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, hata mabinti wakaanza kudai haki yao katika kumbi za mazoezi.

Matunda yake yalionekana mwaka 1991, timu 12 zilipokusanyika Wales kwa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, ambalo bodi ya raga ya kimataifa haikulitambua, na ambalo Wasovieti walilihudhuria wakiuza vodka na vinyago ili wapate chakula. Marekani iliishinda Uingereza 19 kwa 6, nami siwezi kuutenga ushindi huo na vyuo vilivyowalea wachezaji wake. Kunyanyua vyuma kwa wanawake hakukuingia katika Olimpiki mpaka Sydney, mwaka 2000.

Mazoezi haya ya nguvu si mapambo. Katika skramu wachezaji 8 husukumana na 8 wenzao, na uzito wote hupitia miguu, mgongo na shingo. Aghalabu shingo ya mwanamke ni dhaifu kuliko ya mwanamume, basi akiangushwa kichwa hutikisika zaidi, na kano za goti lake hukatika kwa wepesi zaidi. Ndiyo sababu leo huchuchumaa na chuma mabegani, huinua chuma kutoka ardhini, na kujizoeza kutua sawasawa. Lakini kazi hiyo yataka wakati, na wakati wataka mshahara: Uingereza iliwapa wanawake 28 mikataba ya kucheza kwa muda wote Januari 2019, na mwaka 2025 ikatwaa Kombe la Dunia kwa kuishinda Kanada 33 kwa 13, mbele ya watazamaji 81,885 huko Twickenham.

Kwetu, wanawake wa Kenya wamekwisha kucheza Olimpiki, Rio na kisha Tokyo. Nawasihi wenye kuisimamia raga ya Afrika Mashariki wasimpeleke binti skramuni kabla ya kumpatia vyuma, na mwalimu ajuaye kuvitumia.